Zamu ya Usiku

Julai 2017, uchaguzi ukikaribia, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya pamoja na Tume ya Uwiano na Utangamano zilitoa mwongozo: anayesimamia kundi mtandaoni ndiye mwenye jukumu la kuyadhibiti yanayosemwa humo. Kundi la WhatsApp la mtaa wetu, Mombasa, lilikuwa limejaa watu 256, mwisho wa nafasi kwa wakati huo. Admini alikuwa mmoja, mwalimu mstaafu aliyelifungua kwa habari za maji na misiba.

Alituita barazani akatangaza kwamba anajitoa. "Sitalala ndani kwa maneno ya mtu ambaye hata sura simjui."

"Mwalimu, ukitoka wewe nani atabaki?" alisema mama wa mahamri. "Tugawane zamu." Yeye huamka kukanda unga kabla ya adhana ya Alfajiri, basi asubuhi akaichukua. Mchana akabaki nao Mwalimu, mimi nikapewa kuanzia Isha, na kila Ijumaa tubadilishane. Dereva wa tuktuk aliomba jioni, tukasitasita, maana kwa kusambaza uvumi hakuwa na mpinzani. Tukampa, tukimwombea dua.

Siku hizo admini hakuweza kufuta ujumbe wa mtu mwingine. Rungu lake lilikuwa moja tu, kumtoa mtu kundini, na kumtoa jirani si mchezo. Utakutana naye msikitini, dukani, matangani.

Usiku wa Ijumaa, Agosti 11, matokeo ya urais yalipotangazwa, simu yangu haikunyamaza. Mzee mmoja wa mtaani akaweka picha ya maiti barabarani, eti Kisumu. Nikaikuza: magari yalikuwa yakipita upande wa kulia. Nikampigia.

"Shikamoo, baba. Ile picha si ya Kenya."

"Marahaba. Wewe uliyekuzwa mikononi mwangu ndiye wa kunifundisha habari?" Akakata, akaongeza mbili.

Kidole kilikataa kabisa. Nilimpigia mama wa mahamri, ingawa zamu haikuwa yake. Mzee ni shemeji yake. "Niachie mimi," alisema. "Akinuna, na aninunie mimi, tumeshazoeana." Alimtoa palepale. Asubuhi akampelekea mahamri na mbaazi, wakasemezana, na kabla ya Adhuhuri mzee alikuwa amerudi kundini.

Ijumaa iliyofuata tulipopanga zamu upya, saa hazikutuchukulia muda. Tulichojadili hadi Magharibi ni nani anaweza kumwambia nani. Vijana wa stendi walimwangukia dereva wa tuktuk, na kusema kweli hakuna mwingine ambaye wangemsikiliza. Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi Septemba 1, orodha ile ilikuwa tayari. Kufikia marudio ya Oktoba 26, yule mzee naye alikuwa ameshaingizwa kwenye zamu, na ukali wake ulikuwa haumbakishi mtu: hata picha za harusi aliuliza zimepigwa wapi.