Nilivyozizoea bluzi za gitaa kavu

Nilikuwa nikipiga gitaa kavu kwa mtindo wa Katanga kabla sijajua lolote kuhusu bluzi, muziki wa Wamarekani weusi. Gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba kwenye nyuzi nyembamba. Ndivyo alivyopiga Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi Jadotville (sasa Likasi, Kongo) mwaka 1952. Kwa hiyo nilipokutana na bluzi za mashambani za Wamarekani weusi, zile za miaka ya 1920 na 1930 ambazo mara nyingi ni mtu mmoja na gitaa lake, nilifuata gumba kwanza, maneno baadaye. Kwa mgeni asiyekizoea Kiingereza cha Mississippi ya enzi hizo, sijaona njia bora.

Nilianza na Mississippi John Hurt, na kwake ndiko ninakompeleka kila anayeniuliza. Anaimba kwa upole, hapazi sauti. Nilichukua wimbo wake mmoja, nikavaa hedifoni, nikawa nagonga meza kufuata besi tu. Gumba lake linatoka uzi mnene kwenda mwingine na kurudi, halikosi pigo, wakati vidole vingine vinacheza wimbo wenyewe juu yake. Unaweza kuapa kwamba wapigaji ni wawili. Besi ilipokaa sikioni, mengine yote yakajitokeza bila kuyatafuta.

Hurt alirekodiwa na kampuni ya santuri ya Okeh mwaka 1928. Santuri hazikuuzika, akarudi kijijini kwake Avalon kulima. Katika wimbo mmoja alikuwa amekitaja kijiji hicho kuwa ndiko kwao, na mwaka 1963 kijana mmoja mpenzi wa santuri, Tom Hoskins, akaufuata wimbo ule mpaka Avalon na kumkuta mzee yu hai. Mwaka huohuo akapanda jukwaani kwenye tamasha la muziki la Newport. Alifariki 1966. Miaka hiyo mitatu ya mwisho alirekodi tena, kwa mitambo safi zaidi, na ni rekodi hizo ninazoshauri mtu aanze nazo.

Kisha nikajifunza umbo la beti. Mara nyingi mstari wa kwanza unaimbwa, unarudiwa, halafu wa tatu unaujibu. Ukilijua hilo, hupotei. Ila wazee hawa hawakufungwa na hesabu. Blind Lemon Jefferson wa Texas, aliyeanza kuuza santuri kwa wingi mwaka 1926, anaimba mstari, halafu anaacha gitaa lijibu kwa muda anaoutaka yeye. Nilipoacha kumhesabia mapigo ndipo nilipomfurahia.

Charley Patton wa Mississippi ni mgumu zaidi, na sababu moja si muziki wake. Kampuni ya santuri ya Paramount, iliyomrekodi kuanzia 1929, ilikuwa mali ya kampuni ya fanicha ya Wisconsin, na santuri zake zilikuwa za ubora duni. Mengi tunayosikia leo yametolewa kwenye nakala zilizochakaa. Nilimsikiliza wimbo mmoja kwa siku, usiku kukiwa kimya, mpaka sikio likazoea mikwaruzo na sauti ile nzito ikaanza kutengana na kelele. Inalipa. Anagonga bodi la gitaa, anakatiza maneno na kuuachia uzi umalizie.

Robert Johnson nilimweka mwisho makusudi. Wengi huanza naye kwa sababu ya hadithi kwamba aliuza roho yake kwa shetani njia panda ili ajue gitaa, na hadithi hiyo inamdhulumu. Nyimbo zake 29, alizorekodi San Antonio mwaka 1936 na Dallas 1937, zinaonyesha kijana aliyewasikiliza waliomtangulia kwa makini kupita kiasi. Ukishamjua Son House, mmoja wa hao waliomtangulia, utamsikia ndani ya Johnson, hasa anapotelezesha juu ya nyuzi kipande cha shingo ya chupa alichovaa kidoleni.

Sasa niko kwa Skip James wa Bentonia, Mississippi, aliyerekodi Grafton, Wisconsin, mwaka 1931. Sauti nyembamba, ya juu, na gitaa lenye huzuni tangu linapopigwa bila hata kubana uzi, kwa sababu amelituni hivyo, kuanzia uzi mnene: D, A, D, F, A, D. Mwenye gitaa na alituni namna hiyo, apitishe gumba kwenye nyuzi zote sita kabla ya kumsikiliza.