Kama ilivyokuwa desturi yake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tafakari ya wiki hii naiandika nikiwa na aibu kidogo. Jumanne niliamka saa kumi na nusu alfajiri kama kawaida yangu, nikapiga magoti pembeni ya kitanda, nikaanza Baba Yetu. Nilipofika "mapenzi yako yatimizwe" mdomo ukagoma. Nikarudia toka mwanzo, nikakwama palepale. Mara ya tatu nikanyanyuka, nikachukua ufagio nikaenda kufagia uwanja gizani. Jirani aliyekuwa akiwahi daladala akaniuliza, "Mama, unafagia nini na upepo wote huu?" Sikuwa na jibu. Wa Dodoma mnaujua upepo wa Agosti, unafagia huku unarudishiwa.

Na mimi ndiye niliyewafundisha mwezi wa tano juu ya imani isiyotikisika. Mnisamehe kwa somo lile. Lilikuwa na maneno mengi ambayo hayajapita motoni.

Kwa wasiokuwepo msibani: mdogo wangu alikuwa anarudi Hombolo usiku kwa pikipiki. Mbele kidogo ya Ihumwa lori lilikuwa limeharibika, limesimama barabarani. Dereva alikata matawi akayapanga nyuma ya gari, kama tunavyofanya sote. Upepo ukayazoa. Ndiyo hivyo tu. Saa tatu tulikuwa tumeongea kwenye simu habari za bei ya zabibu, saa tano nikapigiwa kwa namba yake na sauti haikuwa yake. Hata wa kumkasirikia sijampata. Yule dereva alikuja mazishini, akakaa chini nyuma kabisa ya turubai, hakula kitu.

Siku zile nilikuwa imara sana. Nilitoa neno la shukrani kwa niaba ya familia, nikasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, mkaitikia Amina. Kumbe ile nguvu haikuwa yangu, ilikuwa ya turubai. Ilikuwa ya mapambio, ya akina mama waliokesha na masufuria, ya wanaume waliolala nje kwenye mikeka na baridi ile. Turubai lilipokunjwa likapakiwa kwenye bajaji, nguvu nayo ikapakiwa. Nimebaki na swali, na magoti yanayouma.

Sasa nisikilizeni juu ya Alhamisi.

Nilikwenda Hombolo kumsaidia wifi yangu kuvuna. Msimu huu zabibu haingoji msiba uishe. Ikiiva imeiva, ukichelewa ni ya ndege na nyigu. Tulifika shambani kabla jua halijachomoza, wifi, mimi, watoto wawili na vijana watatu wa jumuiya (Mungu awabariki, hawakuitwa, walikuja na mikasi yao). Nikasimama kichwani mwa mstari wa kwanza nikainua majani. Mashada yalikuwa yamejaa mpaka waya umelegea, meusi, yana vumbi lile jeupe la ngozi, na shada moja halikuenea kiganjani. Mdogo wangu hajawahi kupata mavuno kama haya tangu apande.

Ndipo Habakuki alipoanza kunisumbua. Tunalipenda lile andiko sisi wa zabibu: "Wala mizabibuni hamtakuwa na matunda," halafu nabii anasema hata hivyo nitamfurahia Bwana. Tumelihubiri miaka ya ukame, tumelihubiri mwaka ambao wanunuzi hawakuja na zabibu ikaozea mitini. Lakini Habakuki ananiambia nifanye nini mizabibu ikiwa tupu. Yetu imejaa. Aliyeipanda ndiye hayupo. Nilisimama pale nikatamani, Mungu anisamehe, ingekuwa imekauka yote.

Mdogo wangu alikuwa na desturi yake ya mavuno. Alikuwa akikata shada la kwanza, analiweka juu ya mfuniko wa sufuria, hilo la kanisani Jumapili. Halafu anavua kofia anasema, "Mungu, asante, tunaanza." Basi. Hakuwa mtu wa maombi marefu, na nakiri niliwahi kumsema kwa hilo.

Wifi akakata shada la kwanza. Akaliweka kwenye mfuniko. Akasimama. Tukangoja. Sauti haikutoka, mikono yake ilikuwa inafuta majimaji ya zabibu kwenye khanga, inafuta tena, inafuta tena. Yule mdogo, ambaye ameanza darasa la kwanza mwaka huu, akamwangalia akasema, "Mama, bado kofia." Kofia ya baba yake alikuwa ameivaa yeye, imemzama mpaka masikioni. Akaivua mwenyewe, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akasema, "Mungu, asante, tunaanza." Sote tukasema Amina kabla hatujafikiri kama tunaiamini au hatuiamini. Wifi akainama akaanza kukata.

Najua mnategemea sasa niende Yohana 15, mzabibu na matawi. Siendi huko. Nimekuja nyumbani nikafungua Luka 22, usiku ule wa Gethsemane, na kuna neno ambalo nimelipita miaka yote. Mstari wa 39: "Akatoka akaenda mpaka mlima wa Mizeituni kama ilivyokuwa desturi yake." Desturi! Usiku mbaya kuliko usiku wote duniani, Bwana hakutafuta mlima mpya wa maombi. Hakutangaza mfungo wa dharura. Alikwenda mahali alipozoea kwenda. Yohana anaongeza kwamba hata Yuda alipajua pale, kwa kuwa Yesu alikwenda huko mara nyingi na wanafunzi wake. Yaani ratiba ya maombi ya Yesu ilikuwa inajulikana mpaka na msaliti. Mimi na wewe, adui akitaka kutukamata tukiomba, atatukuta wapi? Saa ngapi?

Na alipofika pale aliomba nini? Mathayo anasema aliomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale". Mwana wa Mungu, aliye Neno mwenyewe, aliishiwa maneno mapya. Akarudia yale yale. Na yalikuwa yapi? Ni haya haya yaliyonikaba mimi Jumanne: mapenzi yako yatimizwe. Kwa hiyo kukwama hapo si dhambi, wapendwa. Yeye alipita hapo mara tatu huku hari yake ikidondoka kama matone ya damu. Kosa langu lilikuwa kunyanyuka na kwenda kushika ufagio.

Hapa naomba niseme kwa ukali kidogo, na naanza na mimi mwenyewe. Tumekuwa watu wa mikesha. Tunajaza ukumbi Ijumaa mpaka kunakucha, tunatoa sauti mpaka zinakauka, halafu Jumatatu mpaka Alhamisi nyumba haina hata sala ya chakula. Tunawacheka wazee wanaosoma sala kitabuni, tunasema wamekariri. Tunasambaza kwenye simu mistari ambayo hatujaisoma mpaka mwisho, tunajibu "Amina, napokea" tukiwa kwenye foleni ya benki. Halafu kifo kikibisha hodi tunataka imani itoke, na haina pa kutokea. Nani atachota kisimani ambako hajawahi kushusha ndoo? Danieli aliposikia amri ya mfalme, kwamba amwombaye Mungu atupwe kwa simba, imetiwa sahihi, aliingia nyumbani akapiga magoti mara tatu kwa siku, kama alivyokuwa akifanya tangu hapo. Tangu hapo! Simba hawakumfundisha kuomba.

Mama yetu hakujua kusoma. Akifungua mlango asubuhi alisema neno moja kwa Mulungu kwa Kigogo chake, akiufunga usiku alisema neno moja. Juni 24 mwaka 2002, ile treni ya abiria iliposhindwa breki ikarudi nyuma kwa kasi mpaka ikagongana na ya mizigo kule Igandu, watu wapatao 280 wakafa, na kaka yake mama alikuwa ndani yake. Siku nzima hakuongea. Wakaja watu wakisema labda ukoo una jambo, labda kuna dhambi. Mchungaji mmoja mzee ndiye aliyewanyamazisha kwa wale 18 wa Luka 13 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: Bwana mwenyewe aliuliza jambo hilo hilo akasema sivyo, tubuni ninyi. Usiku mama akaenda kufunga mlango. Nilikuwa nimelala macho, namsikiliza. Akasema lile neno lake, lile lile la kila siku, kwa sauti ya mtu aliyepigwa. Akafunga komeo.

Sikuelewa siku ile. Nilidhani ni mazoea tu. Ndiyo, yalikuwa mazoea. Kama mazoea ya mguu kujua njia ya nyumbani umeme ukikatika.

Na wale wa "ukoo una jambo" bado wapo, wiki iliyopita mmoja wao alimfuata wifi sokoni kumuuliza kama marehemu alikuwa ameokoka sawasawa. Dada yangu, unajijua. Soma Luka 13 usiku huu, ukimaliza uende Hombolo ukaombe radhi, na usiende mikono mitupu.

Basi tuanze hivi, kidogo kabisa. Kabla hujashika simu asubuhi, sema Baba Yetu na watoto wako, hata kama mmoja anasinzia na mwingine anatafuta soksi. Watoto wanashika kuliko tunavyodhani, nimeona kwa macho yangu. Zaburi moja kabla ya kulala, soma kwa sauti. Ukikosa siku moja, rudi kesho yake bila maneno mengi. Na wewe uliyefiwa mwezi huu, ambaye huwezi kabisa, njoo tu ukae tunapoomba. Nyamaza. Sisi tutasema, wewe utaitikia ukiweza.

Mimi Ijumaa nilipiga magoti tena. Nimefika palepale, nimekwama, nimebaki hapo hapo mpaka adhana ya alfajiri ikaanza msikiti wa jirani. Leo hivyo hivyo. Kesho nitajaribu.

Shamba limebakiza mistari minne, na wanunuzi wamesema watapitia Jumatatu. Jumamosi tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, tukutane pale kanisani getini. Mwenye mkasi aje nao, mwenye ndoo aje nayo. Na mvae kofia, jua la Hombolo si mchezo.