Mwezi wa mfungo, nami nakula

Kanisa letu limeingia kwenye mfungo wa siku 21, kama kila Januari. Kundi la WhatsApp la kwaya limejaa mistari ya Biblia tangu alfajiri. Saa saba mchana mimi nilikuwa nyuma ya duka ninakofanya kazi, nakula chapati na maharagwe.

Sifungi. Mwaka jana sikufunga, na mwaka ujao, Mungu akinipa uhai, sitafunga. Nayaandika haya kwa sababu jana baada ya ibada dada mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nimepoa kiroho.

Sijapoa. Ila kwa miaka mingi nilikuwa nakwepa chakula, na mfungo ndio uliokuwa maficho yangu, tena maficho mazuri, maana hakuna anayemgombeza mtu anayemtafuta Mungu. Ukimkatalia shangazi chakula, utaulizwa maswali. Ukimwambia umefunga, anafunika sufuria na kukuomba umkumbuke kwenye maombi. Wenzangu walipofungua, mimi niliongeza siku, nikaitwa shujaa wa maombi. Kwenye Ushirika Mtakatifu, watu wakitokwa machozi mbele za Mungu, mimi nilishika kile kipande cha mkate nikikipigia hesabu kichwani. Nani angejua?

Nje ya kanisa mambo yalikuwa mengine. Hapa Kisumu mtu akikonda haambiwi amependeza. Huulizwa ana nini, na akishaondoka watu wananong'ona. Kizazi cha mama yangu kimezika wengi mno kwa UKIMWI, kwa hiyo mashavu yakibonyea tu, akili zinakimbilia huko. Mama alinipeleka kupimwa kimyakimya, kliniki ya mbali ambako hatujulikani. Majibu yakatoka hasi. Akamshukuru Mungu hadi akalia, tukapanda matatu tukarudi nyumbani, na ugonjwa wangu tukarudi nao vilevile. Baadaye tukapima malaria, taifodi, vidonda vya tumbo. Hakuna kitu. Daktari mmoja alicheka, akasema mambo ya kujikondesha ni ya wazungu, niende nikale ugali.

Wakati huo nilikuwa navaa sweta mwezi wa Februari. Anayeijua Februari ya Kisumu ataelewa. Watu wanatembea wakitafuta kivuli cha ukuta, na mimi natetemeka. Aliyesema kweli kwanza ni msusi wangu wa Kondele. Aliweka chanuo chini, akanionyesha kiganjani nywele zilizong'oka, akasema, "Dada, hizi sizisuki. Hazina pa kushika. Enda hospitali." Hakunitoza hata shilingi.

Huko nikampata daktari mwingine, aliyeuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: ukifikiria kula, unaogopa nini? Ugonjwa una jina, anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aogope kula na kunenepa, na hauchagui rangi ya mtu. Madini ya potasiamu kwenye damu yalikuwa yameshuka, moyo unapiga polepole, hedhi ilikuwa imekatika zamani. Nikalazwa. Mama aliposikia shida ni kutokula, akaja na dawa yake: samaki wa ngege mzima wa kukaanga, ugali, na mboga ya osuga iliyolazwa kwenye maziwa. Muuguzi akamzuia mlangoni. Mama akaona ametukanwa. Ikabidi aelezwe taratibu kwamba mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishindiliwa chakula ghafla, fosfati na potasiamu zinaweza kuporomoka kwenye damu na moyo ukasimama. Ndiyo maana wanaanza na kidogo, wanapima damu, wanaongeza. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kuketi kwenye benchi nje, akamla yule ngege mwenyewe, kwa hasira.

Mshauri nasaha niliyepewa ndiye aliyenisimulia habari za Minnesota. Kati ya 1944 na 1945, huko Marekani, vijana 36 waliokataa kushika bunduki vitani, wengi wao kwa sababu ya imani yao ya Kikristo, walijitolea kula karibu nusu ya chakula chao kwa takriban miezi sita, ili wataalamu wajifunze namna ya kuwainua watu wa Ulaya waliokuwa wameumizwa na njaa. Walichaguliwa wenye afya njema ya mwili na akili. Haikuchukua muda wakawa hawazungumzi ila chakula. Walisoma vitabu vya mapishi, walilamba sahani, walikuwa wakali na wenye huzuni. Mimi nilikuwa nakesha nikitazama video za pilau ambayo sikuwa na nia ya kuionja, nikaamini ni pepo, na nikawahi kuwekewa mikono ili litoke. Kumbe ni njaa. Ingempata yeyote.

Sasa wapo wanaotaka niseme Yesu aliniponya na hospitali haikufanya kitu, na wapo wanaotaka niseme ni hospitali tu, Yesu nimwache nje. Wote watanisamehe.

Nikiwa wodini nilisoma Marko mlango wa 5. Binti wa Yairo, wa miaka 12, ameshakufa, waombolezaji wamejaa. Yesu anamshika mkono, msichana anainuka, anatembea. Wazazi wameduwaa, Petro na Yakobo na Yohana wameduwaa. Mhubiri yeyote ninayemjua angeishia hapo, kinanda kikapigwa. Yeye akaagiza msichana apewe chakula. Mlango huo niliusoma tangu shule ya Jumapili na agizo hilo sikuwahi kuliona. Nikaanza kuomba maneno machache tu: umeagiza, nisaidie nitii. Halafu kijiko. Haikuwa na utamu wowote. Kuna asubuhi nililia juu ya kikombe cha uji wa wimbi kama mtu aliyefiwa. (Katika mlango huohuo yumo yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Shida yangu ilikuwa kinyume cha yake, na siku hedhi yangu iliporudi nilimkumbuka nikacheka peke yangu bafuni.)

Nilipotoka hospitali, mama mchungaji alikuwa anakuja kula nami. Sio kuniombea, kula. Sala yake ilikuwa fupi, halafu anasema tule kabla haijapoa. Hakuitazama sahani yangu hata mara moja. Alikuwa akichambua omena na kulalamikia bei ya nyanya Kibuye, na jinsi mama mboga wake anavyoficha zilizooza chini, na mimi nikiwa namsikiliza nakuta ugali umepungua mbele yangu. Kliniki bado naenda. Napimwa uzito nikiupa mzani mgongo, na namba siambiwi.

Jioni hii nimempigia mchungaji. Kila mwaka hutangaza kwamba wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha wasifunge. Nimemwomba aongeze: na yeyote ambaye chakula kimekuwa adui yake, hata kama hajalazwa, hata kama anaonekana mzima na anaimba mstari wa mbele. Akanyamaza. Akasema jambo kama hilo likitajwa madhabahuni, vijana watalifanya kisingizio. Nikamwambia, mchungaji, mwenye kisingizio nilikuwa mimi, na kisingizio chenyewe kilikuwa huo mfungo.

Akasema ataliombea. Nyuma yake nikamsikia mama mchungaji akiuliza ni nani, anataka nini, na mbona hajibiwi.