Posho zilizokuwa nje ya orodha ya mishahara

Kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Dodoma kiliniita baada ya kupata barua ya ukaguzi wa kodi za ajira. Nilianza kwa kulinganisha gharama za mishahara zilizoandikwa kwenye hesabu za mwaka na jumla ya ritani (taarifa za kodi) za kila mwezi za PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, kwa kuwa mkaguzi naye huanzia hapo, na pengo lilionekana mara moja.

Chanzo kilikuwa posho ya nyumba, iliyolipwa kwa vocha za fedha taslimu bila kupita kwenye orodha ya mishahara. Wengi huamini kwamba posho si mshahara, lakini fedha hiyo ni sehemu ya mapato ya ajira: shilingi 200,000 zikiangukia katika ngazi ya kodi ya asilimia 20, kodi inayopotea ni shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi mmoja tu. Aidha, SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi inayolipwa na mwajiri, ilikuwa imekokotolewa kwa mshahara wa msingi badala ya malipo ghafi (mshahara pamoja na posho), na vibarua wa msimu wa mavuno walikuwa wameachwa kabisa.

Niliingiza vocha zote kwenye orodha, mwezi baada ya mwezi, tukawasilisha kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) ritani zilizorekebishwa na kulipa tofauti pamoja na riba. Sasa mhasibu hulinganisha leja na ritani kabla ya tarehe 7 ya kila mwezi, na hakuna posho inayolipwa kwa vocha.