Mwimbaji aliyefungiwa ndani ya kontena

Mimi ni mwanakwaya wa kanisa la Kipentekoste hapa Tanga, na habari za Helen Berhane wa Eritrea zinanikosesha usingizi. Mwaka 2004 alitoka kurekodi albamu ya nyimbo za Injili, watu wa serikali wakamkamata. Hakushtakiwa popote. Walimfungia kambi ya Mai Serwa, ndani ya kontena la chuma la mizigo: mchana linawaka kama tanuri, usiku baridi kali. Wakamtaka atie saini karatasi ya kuikana imani yake. Akakataa. Alipigwa mpaka mguu ukaharibika. Aliachiwa mwishoni mwa 2006, akapata hifadhi Denmark.

Tangu 2002 serikali ile inatambua Waorthodoksi, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu wa Sunni tu. Sisi tungekamatwa kwa kusali sebuleni! Hata waliotambuliwa hawakusalimika: Patriaki Abune Antonios, mkuu wa Kanisa la Orthodoksi la Eritrea, alipotetea waumini waliofungwa aliondolewa kitini, akazuiliwa nyumbani hadi alipofariki 2022. Mashahidi wa Yehova watatu, waliokataa kubeba silaha, walikaa ndani tangu 1994 hadi Desemba 2020 bila kesi.

Wachungaji Haile Nayzgi na Kiflu Gebremeskel nao walikamatwa 2004. Miaka 20 ikapita wakiwa bado kifungoni. Wapendwa, Jumapili hii tuwaombee kwa majina.