Lenzi ya pili niliichagua kwa upana wa chumba

Mikono ya bibi arusi ndiyo iliyonikatia shauri. Ilikuwa usiku wa hina, ghorofa ya pili ya nyumba moja Mji wa Kale, taa moja darini na nyingine mezani, na mpakaji hina ameinama juu ya kiganja anachora maua. Nilipiga picha 63 za mikono ile. Niliporudi nyumbani nikazifungua kwenye kompyuta, zilizotoka safi zilikuwa nne. Katika zilizobaki mistari ilikuwa imelowana na kutanuka, kana kwamba hina iliguswa kabla haijakauka. Hakuna aliyeigusa. Mikono ilisogea kidogo tu, kama mikono ya mtu aliye hai inavyosogea, na kamera yangu haikuwa na kasi ya kuikamata.

Napiga picha za harusi upande wa wanawake. Kwetu Mombasa kazi hiyo ni ya mwanamke, kwa sababu ndani hakuna buibui wala mtandio, mwanamume haingii, na picha haziendi popote ila kwa wenyewe. Kamera yangu ni Nikon D3300, niliyoinunua ikiwa imetumika pamoja na lenzi inayokuja nayo, 18-55, yaani milimita 18 hadi 55: namba ndogo huona kwa upana, kubwa huvuta karibu. Baada ya harusi tatu, zamu yangu ya chama chetu cha kuchangishana pesa ikafika. Nilitenga shilingi 20,000 za lenzi moja. Moja tu, na nilijua kwamba nikikosea itanichukua mwaka mzima kurekebisha.

Nikaanza kuuliza. Wapiga picha wanaosimama Mama Ngina, kando ya bahari, na wale wa karibu na Ngome ya Yesu walinipa jibu moja: "Dada, nunua fifti." Maana yake lenzi ya milimita 50 yenye tundu la kuingiza mwanga la f/1.8; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana. Mmoja wao, mtu mzima aliyeanza kazi enzi za filamu, alinivalisha yake kwenye kamera yangu, nikampiga picha akiwa na bahari nyuma. Kwa kweli ilikuwa picha nzuri: uso umekaa, maji nyuma yameyeyuka. Nilikaribia kuagiza usiku uleule.

Kilichonizuia ni swali dogo la mamangu mdogo, ambaye hajawahi kushika kamera. Aliniuliza, "Na hao wa baharini, wakitaka kurudi nyuma, nani awazuie?" Hakuna. Wao husogea hatua kumi kinyumenyume juu ya nyasi. Mimi nikirudi hatua mbili nimegonga ukuta.

Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina dari za boriti, miti ya mikoko iliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Boriti haiendi mbali, na urefu wake ndio uliopanga upana wa chumba. Kwa hiyo vyumba vile ni virefu na vyembamba. Nilichukua futi ya fundi nikapima chumba cha mamangu mdogo pale Kibokoni: mita 2 na sentimita 70. Na bibi arusi huketishwa katikati ya ukuta ule mrefu, watu wajipange kulia na kushoto kwake. Ukitoa nafasi ya kiti chake, na nafasi ya mgongo wangu upande wa pili, kati yangu na yeye zinabaki mita 2 hivi. Hizo mita 2 ndizo ofisi yangu.

Kabla ya kwenda dukani nilifanya mambo mawili ambayo hayakunigharimu hata senti.

La kwanza, nilihesabu. Kila picha ya dijitali hubeba maelezo yake ndani: ilipigwa kwa milimita ngapi, tundu lilikuwa f ngapi, shata ilifunguka muda gani. Nilipitia picha za ndani za harusi zote tatu nikiandika kwenye daftari. Nilitarajia nyingi ziwe kwenye 55, kwa kuwa nilijiona mtu wa kuvuta karibu. Kumbe karibu nusu zilikuwa kati ya 28 na 40. Kundi la pili lilikuwa 18 kabisa, zile za watu wengi na za mtu aliyesimama mzima. Za 55 zilikuwa chache, na nyingi kati ya hizo nilizipiga nikiwa mlangoni, nje ya chumba.

La pili, nilichukua utepe wa gundi ya karatasi nikaifunga lenzi yangu kwenye alama ya 35 isizunguke. Binamu yangu akaketi kitini palepale pa bibi arusi, nami nikapiga alasiri nzima bila kuigusa zumu. Kesho yake nikaifunga kwenye 50, mtu yuleyule, kiti kilekile. Nawaomba wenzangu mnaotaka kununua lenzi mfanye hivi kabla ya kutoa pesa. Kwa 35, kamera ikiwa imesimama wima, nilimpata binamu yangu kutoka kichwani hadi miguuni, japo bila nafasi ya ziada. Kwa 50 niliishia magotini. Nikiilaza kamera, 50 ilimchukua yeye peke yake. 35 iliacha nafasi ya mama upande mmoja na somo, yule mwanamke anayemfunda bibi arusi, upande wa pili. Harusi yetu bila mama na somo kwenye picha ni harusi gani?

Sababu ya picha kubana hivyo ni sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha badala ya filamu. Sensa ya D3300 ina upana wa milimita 23.5, ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani yenye 36, kwa hiyo inakata kingo za picha. Fifti juu yake inaona sawa na 75 ya kamera ya filamu, na 35 inaona kama 52. Yule mzee wa Mama Ngina alipoanza kazi, fifti yake ilikuwa kweli lenzi ya kila siku. Mapenzi yake kwayo nayaelewa, ila kamera imebadilika chini yake.

Sasa mwanga. Picha zangu za hina zilipigwa kwa ISO 3200 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tundu f/4.5, shata 1/20 ya sekunde. Lenzi yangu ina kitulizo, na kwa hilo naishukuru, lakini kitulizo hutuliza mtetemo wa mkono wangu. Mkono wa bibi arusi hakiwezi kuushika. Dawa yake ni shata ya haraka, na shata ya haraka hutaka mwanga mwingi. Nikiizungusha 18-55 hadi 35, tundu lake haliwi pana kuliko f/4.5, yaani kama milimita 8 kwa kipenyo. Lenzi ya 35 yenye f/1.8 hufunguka zaidi ya milimita 19. Mwanga huzidi mara sita na kidogo. Ile 1/20 inakuwa 1/125, bila kuongeza ISO na bila ngozi ya mtu kuanza kuwa na changarawe. Hesabu hii niliirudia mara tatu kwenye karatasi nikihofia nimejidanganya.

Kuna dada mmoja wa kazi hii aliyeniambia niache lenzi ninunue flashi. Nililifikiria kwa siku kadhaa kwa sababu ushauri wake una msingi: flashi huelekezwa darini, mwanga ukarudi umelainika. Lakini hilo linataka dari nyeupe iliyonyooka. Boriti ni mbao za giza zenye mapengo katikati. Humeza mwanga, na kidogo kinachorudi kina wekundu. Ukiielekeza mbele, hina bichi hung'aa ikaacha doa jeupe juu ya ua. Na wanawake wakiwa kwenye vugo, ngoma yao ya harusi, mimweko ya radi kila dakika inawatoa kwenye raha yao. Hilo mimi silitaki, hata kama picha zingetoka vizuri zaidi.

Nilizingatia pia zumu ya Sigma, 17-50 yenye f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo iliyonipa taabu kuiacha, kwa sababu ingefanya kazi ya 35 na ya 18 pamoja. Ina uzito wa zaidi ya nusu kilo, wakati 35 ni gramu 200, na usiku wa harusi nasimama saa sita. Bei yake ilikuwa juu ya akiba yangu hata ikiwa imetumika. Na f/2.8 ni mwanga pungufu kuliko nusu ya ule wa f/1.8. Ingekuwa kazi yangu kubwa ni kwenye kumbi zenye taa nyingi, ningesubiri miezi nikaichukua hiyo.

Basi nikaanza kutafuta 35.

Duka la kwanza, upande wa katikati ya mji, kijana alinitolea lenzi nzuri kwa macho, ya shilingi 8,000. "Dada, hii ndiyo Nikon, yaingia kamera yoyote." Kuingia iliingia. Lakini juu yake iliandikwa AF, si AF-S. Lenzi za AF za zamani hazina mota ndani. Hutegemea mota iliyo kwenye mwili wa kamera, na D3300 haina mota hiyo. Nilibonyeza kitufe, kimya. Ingebidi nifokasi kwa kuzungusha mkono kila picha, gizani, watu wanacheza. Nikamrudishia na shukrani. Kwa D3300 na ndugu zake, herufi za kutafuta ni AF-S au AF-P.

Ya pili ilikuwa AF-S hasa, safi nje, kofia zake zote mbili zipo. Nikawasha tochi ya simu, nikaimulika kutoka nyuma huku nikiangalia kutoka mbele kwa mshazari. Ukingoni, kwenye kioo cha ndani, kulikuwa na nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Kuvu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwaka mzima, na lenzi iliyokaa kabatini kwenye mfuko wa ngozi bila kutumiwa ni shamba la kuvu. Muuzaji alisema ni vumbi. Vumbi huwa vitone, halina matawi. Vumbi kidogo ningelikubali, kwa sababu halionekani kwenye picha, lakini kuvu huendelea kukua, na sikutaka kuiweka lenzi hiyo kwenye mkoba mmoja na lenzi yangu nyingine.

Ya tatu niliipata kwa mpiga picha wa Nyali aliyekuwa amehamia kamera ya sensa kubwa. Lenzi za DX zimetengenezwa kwa sensa ndogo kama yangu, kwa hiyo kwake haikuwa na kazi tena. Tulikutana mkahawani mchana. Nilimulika tochi, nikasukuma kwa ukucha kijiti kidogo cha nyuma kinachofungua tundu, nikaangalia visu vyake, yale mabamba membamba yanayofunga tundu, kama vina mafuta; vilikuwa vikavu na vinarudi mara moja. Nikalaza gazeti mezani, nikafokasi neno moja katikati kwa f/1.8, nikakuza kwenye skrini: neno lilelile ndilo lililokuwa kali, si la mbele wala la nyuma yake. Yeye alisubiri bila kunung'unika, akaniagizia chai. Nilimtumia shilingi 15,500 kwa M-Pesa palepale, na pesa zilizobaki nikanunua chombo cha plastiki cha kuwekea chakula, kile chenye kifuniko cha kubana, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu. Lenzi zangu hulala humo tangu siku hiyo.

Harusi ya kwanza na lenzi hiyo haikuenda yote sawa. Nilipiga za mwanzo kwa f/1.8 nikiwa karibu sana, ncha ya kidole ikatoka kali na kifundo kikatoka ukungu. Ukisogea karibu, sehemu inayokaa kwenye fokasi hupungua ikawa nyembamba kama ukurasa. Nikafunga tundu hadi f/2.8, shata ikashuka kama 1/50, nami nikawa nasubiri mpakaji hina ainue mkono achovye tena. Katika pumzi hiyo mikono yote hutulia. Picha za kiganja zilizotoka safi usiku huo zilikuwa nyingi kiasi kwamba ilibidi nichague. Bibi yake bibi arusi aliziangalia kwenye skrini moja baada ya moja, akaniomba ya nne achapishiwe kubwa aiweke chumbani kwake.

Jambo moja nililojifunza kwa gharama ya dakika ishirini: ukumbi wa hoteli ulikuwa na baridi ya kiyoyozi, nikatoka nje kumpiga bibi arusi akishuka garini, na kioo kikajaa mvuke papo hapo. Siku hizi naiacha kamera kwenye mkoba uliofungwa kama nusu saa karibu na mlango ipate joto polepole.

Ile 18-55 sijaiuza. Huivaa kwa picha za ukoo mzima, na za bibi arusi aliyesimama, maana kwa 35 nahitaji karibu mita 3 kumpata mtu mzima wima, na mita 3 sinazo.

Daftari bado naandika. Katika harusi tano za msimu huu nimeona safu mpya: kwenye kumbi, bibi arusi anapoingia kutoka mlangoni nami niko jukwaani, 35 inamwacha mdogo mno katikati ya picha, na 55 ya lenzi ya zamani haioni vizuri kwenye mwanga ule. Huenda ya tatu ikawa 85. Zimebaki harusi mbili kabla ya Ramadhani. Nitazihesabu nazo, kisha nitaomba ruhusa ya kupima ukumbi kwa futi ukiwa mtupu.