Kumbukumbu ya mradi: tawi letu la OpenSSL linahamia 3.5

Kuhamisha tawi letu la ndani, yaani nakala yetu ya maktaba ya usimbaji fiche OpenSSL yenye mabadiliko yetu wenyewe, kutoka toleo 3.0 kumefika mahali panapostahili kuandikwa. Kinachotusukuma ni kalenda: 3.0 inaacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 7 Septemba 2026, ilhali 3.5, iliyotoka Aprili 2025, itahudumiwa hadi Aprili 2030.

Sikutaka kubeba viraka vyote, yaani mabadiliko yetu ya msimbo, kama vilivyo. Kila kimoja kimelazimika kueleza upya kwa nini kipo.

Kikubwa kuliko vyote kimefutwa. Ni ML-KEM, njia ya kukubaliana ufunguo iliyokusudiwa kuhimili kompyuta za kwanta, tuliyoiingiza wenyewe baada ya FIPS 203, kiwango cha Marekani kinachoieleza, kutolewa Agosti 2024. Sasa 3.5 inayo ya kwake, na yetu nimeiondoa kwa furaha. Msimbo wa aina hii huficha hatari ambazo macho hayazioni. Katika udhaifu wa KyberSlash, programu kadhaa za Kyber, mtangulizi wa ML-KEM, ziligawa namba ya siri kwa 3329, namba ya kudumu ya hesabu zake, na kwa kuwa kwenye baadhi ya prosesa muda wa kugawa hutegemea namba yenyewe, anayepima muda huo aliweza kuufikia ufunguo. Kosa kama hilo likizuka tena kwenye shina, yaani OpenSSL asilia, litaonwa na wakaguzi wengi. Kwenye nakala yetu lingetusubiri sisi wachache.

Kiraka kilichonikalisha zaidi ni cha namba nasibu, ambazo funguo hutengenezwa kwazo. Kilichanganya chanzo chetu cha unasibu cha maunzi ndani kabisa ya jenereta ya namba hizo, na sehemu hiyo naiogopa kwa sababu ya yaliyoikuta Debian, mfumo endeshi wa Linux. Mwaka 2006 mistari michache ya OpenSSL iliondolewa kwenye kifurushi chao ili kunyamazisha maonyo ya Valgrind, zana ya kutafuta makosa ya matumizi ya kumbukumbu. Hadi Mei 2008, kilichobaki cha kutofautisha funguo kilikuwa namba ya mchakato tu (namba ambayo mfumo huipa kila programu inapoendeshwa), ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Mshambuliaji angeweza kuzitengeneza funguo zote za aina na ukubwa fulani na kuzijaribu moja moja. Programu iliendelea kufanya kazi, na funguo zilionekana za kawaida kabisa. Ndiyo maana siamini kiraka cha sehemu hii kwa sababu tu majaribio yamepita.

Kwa hiyo nimekitoa nje. Tangu 3.0, OpenSSL inapokea provaida, yaani moduli inayopakiwa kando ya maktaba. Chanzo chetu sasa ni provaida inayotajwa kwenye faili la mipangilio, na jenereta ya shina haijaguswa hata mstari mmoja.

Kuna ombi moja nimelikataa. Kwa chaguo-msingi, mteja wa TLS (itifaki inayolinda mawasiliano ya mtandaoni) wa 3.5 hutuma X25519MLKEM768, yaani baiti 1,184 za ML-KEM na 32 za X25519, njia ya zamani ya kukubaliana ufunguo. Ujumbe wa kwanza hautoshi tena kwenye pakiti moja ya kawaida, na vifaa vya zamani vilivyo njiani huweza kuukata. Nimeombwa kiraka cha kuzima hilo. Orodha ya makundi, yaani njia kama hizi za kukubaliana ufunguo, hupangwa kwenye mipangilio. Anayehitaji kulizima kundi hilo alizime hapo, kwa mashine yake, bila kuwapunguzia wengine ulinzi.

Kimebaki kiraka kimoja cha ujenzi, kwa ajili ya kompaila yetu ya zamani. Kinachofuata ni kuendesha vekta za majaribio za Wycheproof (mifano iliyoandaliwa kufichua makosa ya usimbaji fiche) kila shina linapotoa toleo, kabla ya tawi letu kulipokea.